Mafuta ya stelingi yanavuja: tafuta yanapoanzia kabla hujafungua pochi

Mapema mwezi Machi, Jumapili jioni, mpwa wangu alinipigia simu. Ni binti wa dada yangu. Anasoma Leicester, na kwa zile saa 20 za wiki ambazo visa ya mwanafunzi inamruhusu, anazunguka na gari kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa na chai. Siku hiyo salamu zilikuwa ndefu kuliko kawaida, nikajua kuna jambo.

"Mjomba, unaweza kuniazima pauni 640?"

Gari lake ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2005, alilolinunua kwa pauni 950. Kwa muda wa mwezi mzima stelingi ilikuwa inaunguruma akiegesha, na kila asubuhi aliacha doa jekundu pale lilipolala. Jirani alimwambia aongeze mafuta tu, basi akawa ananunua chupa kila baada ya wiki mbili. Ukaguzi wa MOT ulikuwa umebaki siku 10, akalipeleka gereji liangaliwe mapema. Fundi alichungulia chini, akasema reki ya stelingi imekwisha. Bei pamoja na kazi: pauni 640. Asipolipa, gari halipiti, na bila gari hana kazi, maana wazee wake wa kwanza anatakiwa kuwafikia saa 12 asubuhi, kabla mabasi hayajachanganya.

Nikamwambia, "Fedha ikibidi nitakupa, mwanangu. Lakini fundi alikuonyesha yanapovujia?"

Kimya kidogo. "Alisema reki imelowa, mjomba."

Kulowa ni jambo moja, kuvuja ni jingine. Mafuta huanza juu, hutiririka kwenye bomba, hupeperushwa na upepo wa feni na wa barabarani, kisha hudondoka kutoka mahali palipo chini kuliko pote. Mara nyingi hapo chini ndipo ilipo reki. Kwa hiyo reki inaweza kulowa chapachapa na isiwe na kosa lolote. Nilimwambia aje kwangu Coventry Jumamosi, na wiki hii ninawaandikia tulichofanya, kwa sababu najua wengi wenu mna gari la namna hiyo hapo nje.

Je, gari lako lina mafuta ya stelingi?

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana stelingi inayosaidiwa na mota ya umeme. Hayo hayana mafuta, kwa hiyo kinachodondoka ni kitu kingine. Magari ya zamani zaidi, ambayo ndiyo wanafunzi na familia zinazoanza maisha hununua, mengi yana mfumo wa mafuta, ule ambao mafundi wetu nyumbani huuita haidroliki. Yapo pia ya katikati: pampu inaendeshwa na umeme lakini mafuta yapo. Fungua boneti utafute kopo dogo la plastiki lenye mfuniko wenye picha ya usukani, au soma kitabu cha gari.

Ukishajua mafuta yapo, hakikisha kinachodondoka ni hayo. Mafuta ya stelingi mara nyingi ni mekundu au ya waridi, kwenye magari mengi ya Kijerumani ni ya kijani, kwenye Honda yana rangi ya asali nyepesi, na yakizeeka yote huwa kahawia. Oili ya injini ni nyeusi au kahawia na huwa nzito zaidi. Maji ya rejeta hayana utelezi kama wa mafuta, na yana harufu tamutamu. Maji matupu siku ya joto hutoka kwenye kiyoyozi, hayo yaache. Mafuta ya breki ni meupe au ya manjano hafifu, yana utelezi na hubabua rangi ya gari. Ukiyaona hayo, usiendeshe kabisa, ita fundi. Kumbuka pia kwamba mafuta ya giaboksi ya otomatiki nayo huwa mekundu. Kinachotofautisha ni kopo: kama kiwango kwenye kopo la stelingi kinashuka, umempata mhusika.

Mafuta yanatembeaje?

Ukiielewa safari yake, utajua pa kutafuta. Mafuta hutoka kwenye kopo, hushuka kwa mpira mnene hadi kwenye pampu, ambayo kwa kawaida huzungushwa na mkanda wa injini. Pampu huyasukuma kwa presha kubwa kupitia mpira mgumu wenye ncha za chuma hadi kwenye reki, na reki ndiyo inayoyasukuma magurudumu kulia na kushoto. Kutoka hapo mafuta hurudi kwenye kopo kwa mpira mwingine laini, na kwenye magari mengi hupitia kwanza kwenye bomba la kupozea lililo mbele, karibu na rejeta.

Zingatia tofauti ya hiyo mipira. Kwenye mpira wa presha, ukikata kona hadi mwisho, presha inaweza kupita bar 70, na tairi la gari dogo hujazwa kama bar 2.2 tu. Mpira wa kurudishia una presha ndogo sana na hushikwa na klipu za kawaida. Huo wa pili unaweza kuubadilisha mwenyewe. Wa kwanza mwachie fundi.

Boksi, matambara na tochi

Ijumaa usiku nilimwambia alaze gari juu ya boksi lililokunjuliwa, achore kwa kalamu mahali magurudumu ya mbele yalipo. Asubuhi akanitumia picha: doa lilikuwa upande wa abiria, nyuma kidogo ya gurudumu. Hiyo haikutuambia panapovuja, lakini ilituambia upande wa kuanzia.

Alipofika, kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha. Watu wengi huiruka hatua hii na ndiyo yenye jibu. Gari lenye uchafu wa mafuta wa miezi miwili halisomeki. Tulipuliza dawa ya kuondoa grisi, tukapangusa kopo, mipira, pampu na reki kwa matambara hadi vikakauka. Usitumie maji ya presha, yataingia kwenye altaneta na plagi za umeme.

Kisha tukajaza mafuta hadi alama ya juu. Yeye akakaa kwenye usukani na kuwasha injini, mimi nikashika tochi. Alikata taratibu kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, mara sita. Usiushikilie usukani pale mwisho zaidi ya sekunde chache, pampu inaumia. Anayeangalia aweke mbali mikono, mitandio na nyaya za simu, kwani mkanda na feni havina huruma. Na usipapase mpira wa presha kwa vidole injini ikiwa inawaka. Mafuta yanayochomoka kwenye tundu dogo kwa presha hiyo yanaweza kutoboa ngozi yakaingia mwilini. Tumia kipande cha boksi: kipitishe karibu na mpira uone kama kinalowa. Likikupata jambo hilo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Kama uvujaji ni wa polepole mno, pakaa poda ya mtoto kwenye sehemu zilizokauka, endesha dakika 10, kisha angalia poda imelowa wapi. Njia nyingine ni rangi maalumu inayochanganywa na mafuta, ambayo hung'aa ukiimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Huuzwa katika maduka ya vipuri.

Sehemu tano, kutoka juu kwenda chini

Sheria ni moja: mhusika ni sehemu iliyo juu kuliko zote zilizolowa.

1. Kopo na mfuniko wake. Plastiki hupasuka, na mfuniko uliokauka raba hutema mafuta, hasa ukijaza kupita kiasi.

2. Klipu na ncha za mipira laini. Raba ikizeeka huwa ngumu kama plastiki, hupata nyufa, na klipu haibani tena.

3. Ncha za mpira wa presha, pale raba inapoingia kwenye chuma. Hapa huanza kama jasho, kisha hudondoka.

4. Pampu. Sili ya mhimili wake ikifa, mafuta hutokea nyuma ya puli na kurushwa na mkanda, kwa hiyo utaona duara la madoa kuzunguka pale.

5. Reki. Kila upande wa reki kuna mpira wenye mikunjo, mafundi huuita buti. Sili ya ndani ikikwisha, mafuta hujaa ndani ya buti. Legeza klipu yake, uvute ukingo kidogo: mafuta yakimwagika, reki imekwisha kweli. Ukikuta pakavu, au kuna grisi tu, huenda fundi aliyesema reki alikosea.

Na iwapo stelingi inaunguruma, mafuta kwenye kopo yana povu, lakini huoni tone nje, tazama mpira unaoingia kwenye pampu. Upande huo mafuta yananyonywa, kwa hiyo tundu dogo huvuta hewa badala ya kuvuja. Haya nayajua kwa hasara. Miaka ya nyuma nilinunua pampu nzima, nikaifunga siku nzima kwenye baridi, na mngurumo ukabaki palepale. Kosa lilikuwa kipete cha raba kwenye mdomo wa pampu, kitu cha pauni mbili. Nilikuwa nimetengeneza sauti, sikutafuta chanzo.

Tulichokuta

Tulilegeza klipu za buti zote mbili za reki. Ndani kulikuwa kukavu. Nikamwona mpwa wangu anazihesabu zile pauni 640 kichwani.

Tukabadilishana, mimi nikakaa kwenye usukani. Sikufika mara ya nne kukata kona, nikasikia, "Mjomba, hapa! Linatoka hapa!" Lilikuwa tone moja chini ya mpira wa kurudishia, pale unapochomekwa kwenye bomba la chuma. Lilijaa, likateleza juu ya bomba karibu futi nzima, likadondokea reki. Klipu ilikuwa ile ya chemchemi iliyotoka na gari kiwandani. Ncha ya mpira ilikuwa na ufa unaofunguka ukiukunja kwa kidole.

Yule fundi simwiti mwizi. Alitazama kutoka chini kwa dakika mbili, akaona reki imelowa, akataja kitu ambacho kweli huharibika. Angepata muda wa kusafisha angeona tulichoona. Lakini fedha zingekuwa za huyu binti, reki mpya ingefungwa, na tone lingeendelea kudondoka juu yake.

Kutengeneza

Dukani tulinunua mpira wa mita moja kwa pauni 13, klipu mbili za kukaza kwa bisibisi kwa pauni 3, na lita moja ya mafuta kwa pauni 11. Jumla pauni 27. Mambo mawili ya kuangalia hapo dukani. Mpira uwe umeandikwa kwamba ni wa mafuta ya stelingi. Wa rejeta utavimba na kulainika baada ya muda. Uwe pia na kipenyo cha ndani sawasawa na cha zamani, kwa hiyo kata kipande uende nacho. Jambo la pili ni mafuta: fuata kitabu cha gari au maandishi ya kwenye mfuniko. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta ya ATF aina ya Dexron, Honda wana mafuta yao wenyewe, na Wajerumani wengi yao ya kijani. Ukikosea aina, sili zinaweza kuharibika na ukajiletea uvujaji mwingine.

Kazi ilikwenda hivi. Injini ikiwa imepoa, tulinyonya mafuta ya kopo kwa bomba kubwa la sindano, tukaweka beseni chini. Tukatoa mpira wa zamani, tukaulaza mpya kando yake na kukata urefu uleule. Tukapangusa bomba la chuma, tukachomeka mpira mpaka mwisho, tukaweka klipu nyuma kidogo ya uvimbe wa bomba na kukaza. Usikaze mpaka raba ikatike. Hakikisha mpira haugusi mkanda wala ekzosi.

Baada ya hapo ni kutoa hewa. Tuliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, tukaweka stendi mbili kwenye sehemu zilizooneshwa katika kitabu. Jeki peke yake haitoshi, inaweza kuteleza. Injini ikiwa imezimwa, tulikata usukani taratibu kushoto na kulia mara 20, huku tukiongeza mafuta kila yaliposhuka. Ukiwasha kabla ya hatua hiyo pampu inapiga povu, na povu huchukua muda kutulia. Kisha tukawasha, tukarudia mara chache, tukazima, tukajaza hadi alama. Mngurumo ulikuwa umekwisha.

Mafuta machafu yaliingia kwenye chupa, na nilimwelekeza ayapeleke kituo cha taka cha halmashauri. Usiyamwage kwenye mfereji wa barabarani, ni kosa la jinai. Wale mnaopanga fleti, someni mkataba kwanza. Mikataba mingi hairuhusu kutengeneza gari kwenye maegesho.

Usiku ule gari lililala juu ya boksi jipya. Asubuhi boksi lilikuwa jeupe. Baada ya wiki likawekwa tena, likabaki jeupe. Siku ya MOT gari lilipita.

Kwa nini usingoje

Kuongeza chupa kila wiki mbili huonekana nafuu. Lakini bandu bandu huisha gogo. Kopo likikauka, pampu inasagika, na vumbi la chuma lake linakwenda mpaka kwenye reki. Mafuta yakifika kwenye mkanda, unateleza, na kwenye magari mengi mkanda huohuo unaendesha altaneta, wakati mwingine na pampu ya maji. Yakidondokea ekzosi ya moto yanatoa moshi, na yanaweza kuwaka. Na siku msaada wa stelingi ukikata ghafla katikati ya raundabauti, usukani bado unafanya kazi lakini unakuwa mzito mno. Ukilijua hilo mapema utavuta kwa nguvu ufike pembeni. Usipolijua utadhani umejifunga.

Kwa walioko Uingereza: kwenye MOT, kiwango kilicho chini ya alama ya chini ni kasoro ndogo, gari hupita na maandishi. Mafuta yanayovuja ni kasoro kubwa, gari linaanguka. Ikiandikwa kasoro ya hatari, hutakiwi kuliendesha mpaka litengenezwe.

Walioko Muscat, Dubai au Doha, joto la kwenu hukausha raba haraka, kwa hiyo kagueni mipira kila mkibadilisha oili, na fanyeni asubuhi kabla chuma hakijawa moto. Walioko Minnesota au Toronto, baridi kali huyafanya mafuta kuwa mazito, basi mngurumo mfupi wa asubuhi unaweza usiwe na neno. Ukiendelea injini ikishapata moto, fungueni boneti.

Kazi ya kumwachia fundi

Mpira wa presha, pampu na reki si kazi ya maegeshoni. Mpira wa presha hauzibwi kwa klipu wala gundi, unabadilishwa mzima. Reki ikibadilishwa, magurudumu lazima yapangwe upya kwa mashine, la sivyo yatakula tairi. Na zile dawa za chupa za kuziba uvujaji huvimbisha sili iliyokauka kwa muda. Mpira uliopasuka hazifanyi kitu.

Lakini hata ukimwachia fundi, nenda ukiwa umesafisha na kupiga picha. Mwambie, "Naomba nionyeshe yanapoanzia." Fundi mwema hatakasirika, atawasha tochi. Omba bei kwa maandishi, ukitenganishiwa kipuri na kazi, na omba upewe kipuri cha zamani. Anayekataa kukuonyesha, mshukuru na uondoke.

Mpwa wangu hakuhitaji mkopo tena. Juma lililopita alinipigia, salamu fupi safari hii. Mwenzake wa kazini gari lake linaacha doa la kijani, naye alikuwa amelala chini yake na tochi. Alitaka kujua kitu kimoja tu: "Mjomba, buti ikiwa na mafuta kidogo sana ndani, ni ya kwake au imeingia kutoka nje?"

Nilimwambia aipanguse, aifunge, aangalie tena baada ya siku tatu.

Wiki ijayo: betri inayokufa usiku, na namna ya kujua kama kosa ni lake au la altaneta.